Mapaja Kwanza

Mnaonijua mnajua nitaanzia wapi. Mliokuja mkitumaini leo nimebadilika, poleni. Mazoezi ya mwili kwa mwendesha mashua ya tanga naanzia kwenye mapaja.

Kila msimu naletewa mtu mwenye viatu vipya vya kukimbilia. "Mwalimu, nimekimbia miezi miwili, sasa nipe tanga." Vizuri, kaa hapa. Namketisha ukingoni mwa benchi, nyayo nazibana chini ya mkanda, makalio yakiwa nje, ajilaze nyuma kama anayezuia chombo kisilale. Naangalia saa. Nusu dakika ya kwanza anatabasamu. Ikitimu dakika moja, goti linachezacheza kama kifuniko cha sufuria. Muda si mrefu ananiomba mkono nimwinue. Na huko majini, kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, hadi boya la kwanza tu kunaweza kumaliza dakika kumi, na mawimbi juu.

Mbio hazikumsaidia kwa nini? Ukikimbia, msuli unakaza na kulegea, unakaza na kulegea, damu inapita. Ukijilaza nje ya ukingo unakaza tu. Msuli uliokaza unaibana mishipa yake wenyewe, damu inaingia kwa shida, paja linawaka moto. Halafu upepo haukuhurumii: kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma tanga inakuwa mara nne. Uzito wako umebaki uleule.

Naona bwana wa nyuma anatikisa kichwa. Manahodha wa zamani hawakuwa na jim, si ndiyo? Hawakuwa nayo. Walikuwa wanapandisha foromali, boriti inayobeba tanga, kwa mikono, wanavuta nanga, wanachota maji ngamani, chini kabisa ya chombo, kila siku ya Mungu. Wewe unashinda kitini juma zima, Jumamosi ndiyo unaikumbuka bahari! Usijilinganishe na watu wale.

Mdenmark Paul Elvstrøm alijitengenezea benchi kama hili nyumbani kwake akawa analifanyia mazoezi. Alichukua dhahabu ya Olimpiki katika mashua za tanga mara 4 mfululizo, kuanzia 1948 hadi 1960. Sisemi benchi ndilo lililompa, maana upepo aliujua kuliko wengi. Nasema tu kwamba hata yeye hakuona aibu kukaa juu ya benchi.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Katika mashindano yangu ya kwanza mapaja yalinishinda, nililegeza demani, kamba ya kuvutia tanga, nikalegeza tena, chombo kikawa kinateleza upande na wenzangu wananipita upande wa joshi, upepo unakotoka. Pwani nikaanza kulilaumu tanga kwamba limechakaa. Mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nichuchumae. Nilichuchumaa. Kuinuka sikuweza.

Basi, anza hivi. Siku tatu kwa juma, sekunde 20 nje, pumzika dakika moja, rudia mara sita. Kila juma ongeza sekunde tano, usiongeze zaidi ya hapo. Huna benchi? Egemea ukuta, kaa kama kwenye kiti ambacho hakipo. Utashawishika kufanya kila siku kwa sababu unaona unaweza, usifanye. Msuli hupata nguvu upesi, kano huchelewa, na goti ndilo linalolipa. Paja likiwaka, vumilia. Goti lenyewe likiuma, simama.

Nimebakiwa na dakika ngapi? Mbili? Kila mwaka hivihivi.

Haya, mikono: demani inavutwa, kwa hiyo fanya mazoezi ya kuvuta. Wengi wenu mnapiga pushapu, ambazo ni kusukuma. Vuta kamba, jivute juu kwenye chuma. Tumbo na mgongo, lala kifudifudi ujiinue kwa viwiko, mwili unyooke. Mbio endelea nazo, sijazikataza, pumzi inahitajika. Kuogelea sihesabu kama mazoezi. Asiyejua kuogelea aje tuonane kabla hajagusa chombo, na jaketi la uokozi avae hata akijua. Maji ya kunywa nilikuwa na mengi ya kusema, basi tena.

Benchi lile pale. Nani anaanza? Wewe mwenye viatu vipya, njoo.