Kabla Hujachomeka Kompyuta ya Zamani, Toa Betri Kwanza

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Meza yangu leo imejaa, mnisamehe. Ngoja nigeuze kamera... mnaiona? Hiyo ndiyo yenyewe: Macintosh SE/30, kompyuta ya Apple. Ilianza kuuzwa Januari 1989, ikaondolewa sokoni mwaka 1991. Kioo cha inchi 9, nyeusi na nyeupe tu, na kila kitu kimo ndani ya kasha moja, kuanzia bodi mpaka mlango wa flopi. Hapa juu wameacha nafasi ya kushikia. Uzito wake ni karibu kilo 10. Nilipanda nayo treni nimeivisha blanketi kama mtoto mchanga, sikutaka kuiweka chini hata dakika moja.

Nimeitafuta kwa miaka. Ina prosesa ya Motorola 68030, megahezi 16, na inaweza kubeba kumbukumbu hadi megabaiti 128. Kwa kasha dogo namna hii, enzi zile, hiyo ilikuwa nguvu kubwa sana.

Mzee aliyeniuzia alikuwa anahama nyumba. Mashine ilikaa darini kwake zaidi ya miaka 20. Kwa wema wake akachukua waya, akataka kuichomeka nione kama inawaka. Nikamwambia, mzee wangu, nakuomba, usichomeke. Akanishangaa. Basi video hii nairekodi kwa sababu ya mshangao ule, maana najua hata huko wapo wengi ambao wangechomeka.

Sogeeni muone. Betri ya kwenye bodi hii hapa, ndogo, urefu wake nusu ya betri ya kawaida ya AA. Ni ya lithiamu, volti 3.6. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati umeme umezimwa. Betri hii ikizeeka hupasuka, na maji yake hula bodi mpaka inageuka kutu tupu. Mashine haijaanguka, haijapigwa na radi, imekaa tu kimya inaliwa kutoka ndani. Yangu nilikuta imevimba na ncha moja imeota unga. Niliitoa kwa glavu, mikono inatetemeka.

Kuifungua kwenyewe kuna adabu yake. Skrubu mbili za juu zimezama ndani kabisa ya sehemu ya kushikia, zinataka bisibisi ya Torx, ile yenye ncha ya nyota, namba T15 yenye shingo ndefu, fupi haifiki. Halafu kioo hiki ni cha chogo, kama TV za zamani. Hata ukishachomoa waya ukutani, kinaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti. Lazima uutoe kwanza kwa bisibisi iliyofungwa waya kwenye chuma cha fremu, mkono mwingine ukiwa nyuma ya mgongo. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mwite fundi wa TV aliyezeekea kwenye chogo, umwangalie. Na ile shingo ya kioo huku nyuma ni nyembamba mno, ukiigonga imekwisha.

Baada ya kuisafisha nikaiwasha. Hakuna mlio. Kioo kikaja mistari mistari kama pundamilia. Wapenzi wa mashine hizi wana jina la ugonjwa huo, wanauita Simasimac, na mara nyingi chanzo chake ni kapasita, vile vipande vya bodi vinavyotunza umeme kidogo. Ndizo hizi kopo ndogo za rangi ya fedha, nyingi ni za mikrofaradi 47. Zinavuja taratibu bila wewe kujua. Nilipoweka chuma cha kulehemu kwenye ya kwanza, chumba kizima kikanuka shombo. Hapo nikajua zimevuja kweli.

Nikazitoa zote. Nikaosha bodi kwa spiriti na mswaki laini, nikaiacha ikauke siku mbili, nikaweka mpya. Nikawasha. Mistari ileile! Siku hiyo nililala vibaya, wallahi. Kesho yake nikakaa na mita ya kupimia umeme, njia moja baada ya nyingine, mpaka nikaipata: njia moja ya shaba, chini ya pale ilipokuwa kapasita, imeliwa ikakatika. Kwa macho ilionekana nzima kabisa. Nikaiunga kwa waya mwembamba kama unywele. Ni huu hapa, kuleni macho.

Nilipobonyeza swichi tena, ikalia. Ule mlio wake wa kuamka, ndugu zangu, mimi nilisimama.

Diski yake ya ndani imekwama. Diski nyingi za kampuni ya Quantum za wakati ule zina mpira ndani ambao umeyeyuka ukawa kama ulimbo, ukanasa mkono wa kusomea. Kwa sasa nimefunga kifaa chenye kadi ya kumbukumbu kinachojifanya diski ya SCSI, yaani aina ya kiunganishi cha diski inachotumia mashine hii, na mashine inakubali. Kuhusu hii rangi ya njano ya kasha, wapo wanaoing'arisha kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Mimi siigusi. Ni umri wake, nauheshimu.

Sasa wewe mwenye kompyuta ya zamani stoo. Si lazima iwe Macintosh. Zile kompyuta za prosesa ya 386 na 486, nyingi zina betri ya nikeli-kadimiamu iliyolehemiwa kwenye bodi, umbo la pipa dogo, na nayo inavuja vilevile. Usiiwashe kujaribu. Leo hii chukua bisibisi, fungua, toa betri, funga, irudishe mahali pake. Hayo mengine yanaweza kusubiri hata miaka mitano.

Yangu sijaiwekea betri mpya, na inawaka bila shida. Imesahau tarehe tu: saa yake inasema leo ni Januari mosi, 1904. Nimeiacha hivyohivyo.