Alama ya Kwenye Mfuko wa Plastiki

Asante mwenyekiti. Mawakili mliojibanza nyuma, sogeeni mbele. Picha zangu ni ndogo, na maswali nitauliza.

Wanaonifahamu wanajua naanzia wapi: Madrid, 2004. Najua mmeichoka. Mtaisikia tena, kwa sababu bado naletewa taarifa za wataalamu wa alama za vidole zenye sentensi moja, "alama ya eneo la tukio ni ya mshtakiwa", kisha saini na muhuri. Hakuna maelezo ya nani aliona nini, wala aliona kipi kwanza.

Tarehe 11 Machi treni za Madrid zililipuliwa, wakafa watu wapatao 190. Polisi wa Hispania wakakuta gari dogo la mizigo, na ndani yake mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu. Alama moja ya kwenye mfuko huo waliipa namba 17, picha yake ikapelekwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Kompyuta ikatoa majina 20. Hapa watu hukosea: kompyuta haisemi "ndiye huyu". Inakuletea wanaokaribiana, halafu inakuachia kazi. Wa nne kwenye orodha alikuwa wakili wa jimbo la Oregon, Marekani, ambaye alama za vidole vyake zilikuwemo kwa sababu aliwahi kuwa mwanajeshi.

Mtaalamu wa kwanza akasema ndiye. Wa pili, ndiye. Wa tatu, ndiye. Aprili 13 Wahispania wakaandika kwamba siye. Unadhani Wamarekani walirudi mezani? Walimpandisha mtu ndege kwenda Madrid kuwaelewesha Wahispania! Mei 6 wakili akakamatwa. Hakuna rekodi ya safari, pasipoti yake ilikwisha muda kitambo. Basi, wakasema, huenda alisafiri kwa jina la bandia. Unaona? Hata kukosekana kwa ushahidi kukageuzwa ushahidi. Mahakama ikaruhusu mtaalamu wa nne wa kujitegemea, na Mei 19 naye akasema ndiye. Siku hiyo hiyo Wahispania wakatoa jina la mwenye kidole: raia wa Algeria. Kesho yake wakili akaachiwa. Mwaka 2006 serikali ilimlipa dola milioni 2 na kumwomba radhi.

Kuna atakayesema, "Mwalimu, huyo aliponzwa na Uislamu wake." Ngoja. Wachunguzi wa ndani wa Wizara ya Sheria ya Marekani walilichimba hilo. Walipotoa jibu la kwanza, wataalamu hawakuijua dini yake. Ilipojulikana, pamoja na kwamba aliwahi kumwakilisha, kwenye kesi ya malezi ya mtoto, mtu aliyehukumiwa kwa ugaidi, ndipo huenda ikawafanya wazito kurudi nyuma. Kosa lenyewe lilizaliwa mezani, chini ya lenzi.

Tuangalie hiyo lenzi. Alama ya mfukoni ni kipande, imepauka, mistari mingine imezimika. Ya wakili ni safi, imechukuliwa kwa wino. Ukitazama safi kwanza, ukaona mstari unagawanyika hapa na mwingine unakatika pale, kisha ukarudi kwenye ile hafifu, utaviona. Doa litakuwa mgawanyiko, na mkwaruzo utakuwa mstari. Ndicho kilichotokea. Na sehemu ya juu kushoto, ambayo ilikataa kabisa kufanana, wakaifafanua kuwa ni mguso mwingine uliokaa juu ya ule wa kwanza. Tofauti ikapatiwa kisingizio, maisha yakaendelea.

"Lakini kila kidole ni tofauti, hata cha mapacha." Jamani, nani amebisha? Hoja hiyo mnaniletea kila mwaka. Mahakamani haliletwi kidole, linaletwa doa la jasho. Swali ni kama doa hilo lina mistari ya kutosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote, wakiwemo wale 19 waliobaki kwenye orodha.

Mtafiti wa saikolojia Itiel Dror na wenzake walilijaribu hili wakachapisha mwaka 2006. Waliwapa wataalamu 5 jozi za alama ambazo wao wenyewe, miaka ya nyuma, walikwisha kusema ni za mtu mmoja. Wakawaambia: hii ni ile jozi ya Madrid iliyokosewa. Wanne kati ya watano wakabadili jibu. Mistari ni ile ile, macho ni yale yale.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya. Utafiti wa 2011, wataalamu 169: kumtaja asiyehusika kulikuwa takriban asilimia 0.1, kumkosa anayehusika asilimia 7.5. Kwa hiyo sisemi fani hii ni ramli, msininukuu vibaya. Historia ya kipande cha Kenya, kile kitambulisho cha mkoloni chenye vidole vya wazee wetu, nilitaka kuigusa, nairuka. Unga na kemikali za kuibulia alama, muulizeni mwenzangu wa mchana.

Nyie wa maabara: chora unachokiona kwenye picha ya alama ya eneo la tukio, andika tarehe na saa, kabla hujafungua fomu ya vidole vya mshtakiwa. Anayehakiki asijue umesema nini. "Tuko wawili tu, chumba kimoja." Basi peleka faili wilaya nyingine.

Na nyie mawakili, acheni kumuuliza shahidi ana uzoefu wa miaka mingapi. Mwombeni hizo karatasi za hatua ya kwanza. Akisema hazipo, kaa kimya kidogo, hakimu aandike.