Saraka Ikiharibika, Faili Huwa Zingalipo

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie programu za kutengeneza saraka iliyoharibika, yaani ile orodha ndani ya diski inayotaja kila faili na mahali inapoanzia. Nitaanza na jambo ambalo ningependa kila mmoja wetu alishike kabla hajagusa programu yoyote: mara nyingi saraka inapoharibika faili zenyewe bado ni nzima, na kinachokuja kuziangamiza ni pupa ya mwenye nazo. Mtu anachomeka flashi, kompyuta inamwambia kwamba ni lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike, naye anakubali. Ujumbe ule hutokea mfumo endeshi unaposhindwa kuelewa sekta ya mwanzo (sekta ni kipande kidogo cha diski kinachosomwa kwa mara moja) ya mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga faili kwenye diski, hata kama picha na nyaraka zote zimo ndani kama zilivyokuwa jana.

Tuchukue flashi ya GB 32 iliyofomatiwa kwa FAT32, mmojawapo wa mifumo hiyo ya faili, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunayotembea nayo. Katika saraka yake kila faili ina ingizo fupi la baiti 32, ambalo limehifadhi jina, tarehe, ukubwa na namba ya klasta (fungu la sekta zinazotumika pamoja) ambamo faili inaanzia. Zaidi ya hapo saraka haijui kitu. Klasta zinazofuata zimeandikwa katika jedwali la FAT, ambalo kwa kawaida huwekwa nakala mbili. Ikiwa klasta moja ina KB 16, picha ya MB 4 itahitaji klasta 256, na jedwali ndilo linalozifuatanisha mithili ya shanga katika uzi. Kwa hiyo kuhifadhi picha moja ni kuandika mahali kadhaa: kwenye saraka, kwenye nakala zote mbili za jedwali, na kwenye klasta zenyewe. Umeme ukikatika au flashi ikichomolewa kazi hiyo ikiwa katikati, sehemu hizo huacha kukubaliana, na hapo ndipo tunapoona folda yenye majina ya herufi za ajabu, au faili ya barua ambayo kompyuta inadai ina ukubwa wa GB 3.

Hatua ya kwanza, nami siioni kuwa ya hiari, ni kunakili diski nzima sekta kwa sekta na kuiweka kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Programu huria ya ddrescue inafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu huanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudia zile ngumu, huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofika ili ikikatizwa iendelee palepale. Baada ya hapo matengenezo yote yafanyike kwenye nakala, na flashi yenyewe iwekwe kando.

Nasisitiza hivyo kwa sababu programu nyingi za ukarabati huandika palepale zinaposoma. Chkdsk ya Windows, ikiamriwa kurekebisha, huhakikisha kwamba mfumo wa faili unakubaliana na kanuni zake. Kuokoa kazi yako si lengo lake. Klasta zisizo na mwenyewe huzikusanya katika folda ya FOUND.000 na kuzipa majina kama FILE0000.CHK, na ingizo lisiloeleweka linaweza kufutwa au faili yake kufupishwa. Kwa upande wa Mac, DiskWarrior ya kampuni ya Alsoft ilifuata njia ninayoiona kuwa ya busara zaidi: huunda saraka mpya kutokana na data inayoipata katika ile ya zamani, kisha humwonyesha mtumiaji matokeo kabla ya kuibadilisha.

Kwa FAT32, ninayoipendekeza ni TestDisk, programu huria iliyoandikwa na Christophe Grenier. Ukiielekeza kwenye ile nakala, hukagua sekta ya mwanzo pamoja na sekta ya akiba, yaani nakala yake, ambayo kwa kawaida imewekwa katika sekta namba 6. Ikikuambia kwamba ya kwanza ni mbovu na ya akiba ni nzima, kurudisha ya akiba kunaweza kutosha kuzirejesha folda zote na majina yake. Kabla ya kuthibitisha, iombe ikuorodheshee faili. Majina yakisomeka vizuri, endelea, na yakiwa yamevurugika, usiandike chochote.

PhotoRec, ambayo hutolewa pamoja na TestDisk, naiacha iwe ya mwisho. Haitegemei saraka hata kidogo. Hupita diski nzima ikitafuta alama za mwanzo wa faili, kwa mfano baiti FF D8 FF zinazofungua picha za JPEG. Picha zitarudi, ila zitaitwa f ikifuatwa na namba ya sekta, na faili ambayo klasta zake zimetawanyika inaweza kurudi nusu. Aliyewahi kukaa mbele ya maelfu ya picha zisizo na majina, akitafuta ya harusi moja, anajua thamani ya saraka.

Kazi ikikamilika, fungua faili zenyewe, hasa zile kubwa, kwani jina kuonekana si ushahidi kwamba yaliyomo ni salama. Flashi ya awali usiifomati hadi ukaguzi huo uishe, na ikiwa ddrescue ilikuta sekta zisizosomeka, isitumike tena kuhifadhi chochote.