Medali kwa Urefu wa Dagaa Mmoja

(Mhadhara kwa wazazi na wanafunzi wa kike, Mwanza)

Mwangaluka! Nimesikia kinamama tu. Kinababa wa nyuma, nyie mmekuja kusindikiza? Mwangaluka! Haya.

Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana nitasema yale yale. Nitanyamaza siku nitakapomwona binti wa Mwanza kashika kasia. Kasia, sikusema kafi. Makafi mnayo, na mashindano ya mitumbwi mnayajua kuliko mimi. Mwenye kafi hutazama anakokwenda. Kasia ni refu, linashikizwa ubavuni mwa mashua kwa kishwara, na mpigaji anakwenda kinyumenyume, mgongo umetangulia. Kwenye mashua ya mashindano hata kiti kinateleza, kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na miguu. Kwa hiyo msiniambie mabinti hawana mikono ya kutosha. Miguu iliyozoea kupanda mawe ya Bugando na ndoo kichwani inatosha kabisa.

Sasa, Ekaterina Karsten. Anatoka Belarus, nchi isiyo na bahari hata ya kunawia miguu. Atlanta 1996 alichukua dhahabu ya mashua ya mtu mmoja, wakati huo akiitwa Khodotovich, na ndiyo dhahabu pekee nchi yake iliyopata kwenye Olimpiki ile. Kisha akaolewa. Kuna mzazi huniambia kila mwaka, "Mwalimu, huyu ataolewa, makasia ya nini?" Haya, mwenzake aliolewa, akabadilisha jina, akaenda Sydney 2000 na makasia yake.

Mita 2000. Pembeni yake Rumyana Neykova wa Bulgaria, wanakwenda sambamba, wanavuka mstari, hakuna anayeweza kuapa nani katangulia. Ikabidi picha isomwe. Karsten dakika 7, sekunde 28.14. Neykova 7, sekunde 28.15. Wanafunzi wangu wakasema, "Mwalimu, hiyo si ni sare tu?" Nikawapa hesabu. Mita 2000 kwa sekunde 448, ni kama mita nne na nusu kila sekunde. Sehemu moja ya mia ya hapo ni sentimita nne na nusu. Nikaenda sokoni Mwaloni, nikanunua fungu la dagaa, tukawapima kwa rula mmoja mmoja mpaka tukampata anayelingana. Huyu hapa. Mpitisheni nyuma, kila mtu amwone. Asiliwe! Hii ndiyo tofauti ya dhahabu na fedha baada ya kilomita mbili. Anayechelewa mazoezini kwa sababu ya mvua, amtazame vizuri huyo dagaa.

Lakini hapo sijamaliza, na hapa ndipo watu huwa wanasinzia. Wa tatu Sydney alikuwa Katrin Rutschow wa Ujerumani. Athens 2004, wale wale watatu jukwaani: Rutschow dhahabu, Karsten fedha, Neykova shaba. Beijing 2008, dhahabu kwa nani? Neykova! Miaka minane tangu anyimwe na dagaa. Karsten akapata shaba. Kinamama mnaocheza upatu mnanielewa: kila mmoja zamu yake ilifika, ila huku hakuna kijumbe wa kukugawia, na hela unayotoa ni alfajiri zako zote. Rio 2016 Karsten alikuwa na miaka 44, na bado alikuwa anashindana! Sisi binti akifika kidato cha nne tunamwambia michezo imeisha, aache utoto.

Dagaa amefika wapi? Sawa.

Najua kuna anayewaza kichocho. Kipo, na dawa ipo. Ila nimechoka na hoja hii, kwa sababu binti huyo huyo mnamtuma ziwani kuchota maji na kufua, magoti yote ndani, na hamkitaji. Akishika kasia tu, kichocho kimeingia Mwanza!

Vifaa? Nilishapeleka barua ofisi moja nikaomba mashua mbili. Nikajibiwa hiyo ni anasa. Tuyaache.

Jambo gumu ni jingine. Mei 21, 1996 ilizama meli ya abiria, MV Bukoba, humu ziwani. Miezi miwili baadaye Atlanta walikuwa wanashangilia mwanamke kwenye maji, na sisi tulikuwa tumetoka kuzika Igoma. Tangu hapo wazazi wengi hapa waliwaambia watoto wakae mbali na ziwa. Siwalaumu, hata mimi nilimwambia wa kwangu. Ila ziwa halikuhama, na wa kwangu alikua hajui kuogelea, na vivuko anapanda.

MC ananionyesha saa. Nilitaka kumsema Kathleen Noble, aliyepiga makasia kwa niaba ya Uganda Tokyo na Paris. Uganda, jamani, ziwa ni hili hili! Na chakula cha mazoezi, na ada. Basi.

Jumamosi tunaanza na kuogelea, makasia baadaye. Saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kila binti aje na kanga ya kubadilishia na mzazi mmoja, na mzazi naye ataingia majini.