Opareta wa Kompresa ya Gesi Alipwe Ngapi?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi na waendesha mitambo, Mtwara)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Kabla sijafika hapa mbele, kijana mmoja kanidaka mlangoni: "Mzee, opareta wa kompresa, ile mashine ya kubana gesi, anakunja ngapi?" Nimemwomba asubiri. Ningeweza kumtajia milioni moja na laki mbili akaondoka ameridhika, lakini wapo watu wawili wanaopokea milioni moja na laki mbili kila mwezi, kazi ileile, na mmoja anamwacha mwenzake mbali sana. Hilo ndilo lililonileta. Namba za mshahara tutazifikia, ila nianze na kazi yenyewe, kwa sababu ukishindwa kueleza unafanya nini utapangiwa bei na mtu mwingine.

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ikakaa chini miaka thelathini, mpaka 2004 ndipo ikaanza kuzalishwa kibiashara na kwenda Dar es Salaam kwa bomba. Miaka ile ilikuwa inapanda kwa presha yake yenyewe. Sasa gesi, kadiri unavyoitoa, presha ya kule chini inashuka. Inafika mahali gesi bado ipo nyingi tu, ila haina nguvu ya kupita mtamboni na kuingia kwenye bomba. Ndiyo sababu mwaka 2022 zikafungwa kompresa pale kisiwani. Sisi wa Mtwara tumezoea habari za mtambo wa gesi wa Madimba na bomba lililoanza kupeleka gesi Dar mwaka 2015, lakini visima vyote vina umri, na kisima kikizeeka, kompresa inaitwa. Ajira hii haitapungua leo wala kesho.

Kule Dar ajira imekuja kwa njia nyingine. Mmeziona foleni za bajaji na teksi kwenye vituo vya gesi asilia. Mtungi wa gari unajazwa kwa presha ya bar 200, na bomba la mtaani halina presha hiyo hata kwa mbali. Kompresa inaibana gesi kwa hatua, mara nyingi tatu au nne. Kila hatua gesi ikibanwa inapata moto, inapitishwa kwenye kipoza, inachujwa majimaji, ndipo inaingia hatua inayofuata. Kompresa ikisimama, foleni yote imesimama.

Opareta anafanya nini hapo? Wapo wamiliki wanaosema: mashine ina kompyuta, ikizidiwa inajizima yenyewe, huyu kijana nimlipe kwa lipi? Njooni mumwone huyo opareta saa nane usiku. Ana daftari la kumbukumbu, kila saa anazunguka na kuandika presha ya kuingia na ya kutoka kwa kila hatua, joto, presha ya oili, kiwango cha maji kwenye chujio. Usiku mmoja anaona presha kati ya hatua ya pili na ya tatu imepanda kidogo kuliko jana. Joto la kutokea hatua ya tatu nalo limepanda. Hakuna taa nyekundu iliyowaka, hakuna kengele. Anapima vifuniko vya valvu kimoja kimoja kwa kipimajoto cha mkononi, anakuta kimoja kina moto kuliko wenzake. Tayari ameshajua: valvu ya hatua ya tatu inavuja. Anaandika, anamwita fundi, asubuhi mashine inasimamishwa kwa mpango, valvu inabadilishwa, inarudi kazini. Asiyejua angesubiri kompyuta izime mashine katikati ya foleni, na pengine kipande cha valvu kingeshaangukia ndani ya silinda.

Au chukua maji. Gesi inabanika, maji hayabaniki. Chujio likijaa na majimaji yakaingia kwenye silinda, pistoni inakutana na kitu kisichokubali kusogea, na kinachovunjika ni chuma. Na gesi ikivuja ikachanganyika na hewa, kuanzia asilimia 5 mpaka 15 inahitaji cheche moja tu. Opareta analipwa kwa zile saa ambazo hakikutokea kitu. Ni malipo magumu kumweleza mhasibu, ndiyo maana nawaambia mjifunze kuyaeleza.

Tuje kwenye fedha. Wamarekani wana jambo moja ninalowaonea wivu. Ofisi yao ya Takwimu za Kazi inatoa jedwali la mishahara kila mwaka, na opareta wa kompresa na vituo vya kusukuma gesi ana mstari wake peke yake, japo ni watu elfu chache katika nchi nzima ile. Ukilifungua utaona anazidiwa na opareta wa mtambo wa kuchakata gesi. Kwangu mimi sababu iko wazi: huyu wa pili anaangalia mtambo mzima, yule wa kwanza anaangalia kipande. Kingine, tangu mwaka 1999 sheria zao za usalama wa mabomba zinataka mtu athibitishwe kwa kazi mojamoja anayoigusa. Hujathibitishwa kwa kazi hiyo, hapo hugusi peke yako. Ujuzi wenye karatasi una bei. Na sheria yao ya mwaka 1938 inataka saa zinazozidi 40 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu, kwa hiyo opareta wao akitaja kipato cha mwaka, muulizeni ni saa ngapi amekesha.

Kwetu hatuna jedwali la namna hiyo. Tunacho kima cha chini, na hicho ni sakafu tu. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 400,000 kwa mwezi kwa kampuni za kimataifa za nishati, ile iliyoanza Januari 2023 ikapandisha hadi 592,000, na amri mpya iliyoanza Januari 2026 imeongeza kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Vizuri. Ila opareta anayejadili mshahara wake kwa kutaja kima cha chini ameshakubali kukaa chini.

Mimi nawataka muangalie kwingine, kwenye mstari mmoja wa mkataba ulioandikwa "mshahara wa msingi". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 karibu kila kitu inakipiga hesabu kutoka hapo. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Saa ya ziada ni mara moja na nusu. Saa ya usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, inaongezwa angalau asilimia 5. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. Zote hizo ni za mshahara wa msingi. Posho ya nyumba haimo, posho ya usafiri haimo.

Chukueni kalamu. Nitawapa watu wawili wa kubuni, nawaita Juma na Asha. Wote mkataba unasema jumla 1,200,000. Juma, msingi wake ni 780,000 na posho 420,000. Asha, msingi 1,170,000 na posho 30,000. Mwezi wa kawaida wanapokea sawa, na pengine wanatambiana kwamba wanalingana.

Kiwango cha saa kinapatikana hivi: mshahara wa msingi wa mwezi unagawa kwa 4.333 upate wiki, kisha unagawa kwa saa 45. Kwa ufupi, gawa kwa 195. Juma, 780,000 kwa 195, saa yake ni 4,000. Asha saa yake ni 6,000. Mwezi huu mwenzao ameumwa, kila mmoja amebeba saa 40 za ziada, ambazo bado ziko ndani ya kikomo cha saa 50 kwa wiki nne. Juma analipwa 6,000 kwa saa, anaondoka na 240,000. Asha analipwa 9,000 kwa saa, anaondoka na 360,000. Laki moja na elfu ishirini, mashine moja, zamu moja! Kama saa hizo za ziada zimeangukia usiku, ile asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha saa ya ziada, na pengo linapanuka zaidi.

Miaka kumi imepita, mradi umefungwa, wanapunguzwa kazi. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10. Kwa wiki ya siku sita za kazi, siku ya Juma ni kama 30,000, kwa hiyo anapata kama 2,100,000. Siku ya Asha ni kama 45,000, anapata kama 3,150,000. Juma atalalamika ameonewa, na atakuwa amelipwa sawasawa na karatasi aliyosaini.

Kwa hiyo kijana wa mlangoni, swali lako ligeuze. Uliza: msingi ngapi? Posho ije baadaye.

Jambo la zamu. Kompresa hailali, na wengi mtapangiwa saa 12. Sheria inaruhusu kufanya saa 12 kwa siku bila ovataimu, ila lazima kuwe na makubaliano ya maandishi, zisizidi siku tano kwa wiki na saa za kawaida zisizidi 45. Ukipangiwa saa 12 kwa siku tano, hizo ni 60. Kumi na tano zimezidi, na hata kikomo cha saa 10 za ziada kwa wiki katika mpango huo kimevukwa. Kazi za kisiwani, za kukaa wiki kadhaa ndani na wiki kadhaa nyumbani, zina njia yake, ya kukokotoa wastani wa saa kwa kipindi kirefu, lakini njia hiyo inapitia mkataba wa hali bora. Yaani chama cha wafanyakazi kiwepo mezani. TAMICO ndicho kinachobeba migodi, nishati na ujenzi. Kuna vijana wanasema chama ni kukatwa pesa bure. Sawa, ila nani atajadili wastani wa saa zenu, kila mtu peke yake ofisini kwa afisa utumishi?

Halafu jihadharini na cheo. Sehemu ile ya sheria inayohusu saa za kazi haimgusi mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Nimeona opareta akipandishwa kuwa msimamizi wa zamu, akachinja mbuzi, akaongezewa 150,000, na mwezi wa kwanza tu akagundua ovataimu imefutwa na anapokea pungufu ya alichokuwa anapata. Mwajiri simtaji. Na jina la cheo peke yake halitoshi kukuondolea haki. Linaloangaliwa ni kazi unayofanya kweli. Lakini ukipewa barua ya kupandishwa, fanya hesabu kwanza, mbuzi baadaye.

Dakika zangu zinakwisha, tuchukue maswali.

Huyu ameuliza Qatar. Mshahara wa kule haukatwi kodi ya mapato, na ukilinganisha kwa shilingi utaona kubwa. Ila nako ni yaleyale: kiinua mgongo chao ni angalau wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka. Wakala akikutajia "jumla", mwambie akutenganishie msingi, nyumba na chakula kabla hujauza shamba la korosho la baba.

Dada pale nyuma anauliza kama kusomea kompresa peke yake kunatosha. Kwa maoni yangu, hapana. Ongeza vifaa vya upimaji na udhibiti, au umeme. Mwenye kusoma geji wako wengi; mwenye kuweza kujua geji yenyewe inadanganya ni wachache, na huyo ndiye anayebishana mshahara akiwa amekaa vizuri kwenye kiti.

La mwisho: "Nimefanya kazi kituoni mwaka mzima, sijawahi kupewa mkataba." Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri na yeye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake, si wako. Lakini usijibweteke. Madai ya malipo yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Kama umeachishwa kazi, ndani ya siku 30. Tunza slipu zako zote, na kila mwezi ipige picha rosta ya zamu. Ipigie ofisini inapobandikwa, jamani. Nikisikia mtu katoa simu kule kwenye kompresa, penye gesi inayongoja cheche, mimi mwenyewe nitamwambia bosi wake amfukuze.