Umeme Ukikatika, Je, Gesi ya Bomba Nayo Hukatika?

Ndugu watazamaji, swali hili limeulizwa mara nyingi mno chini ya video zangu: umeme ukikatika huku ughaibuni, gesi ya bomba huendelea kuja? Najua wapo watakaosema ninajigamba, na wapo watakaosema ninalalamika ilhali nimeshavuka maji. Nawaomba wote wanisikilize kwanza, kwa sababu jambo hili linagusa uhai wa watu.

Mara nyingi gesi huendelea kuja. Imeshashindiliwa ndani ya mabomba, vidhibiti vinavyopunguza mgandamizo wake kabla haijaingia nyumbani hufanya kazi kwa springi bila umeme, na mitambo mingi inayoisukuma safari ndefu huendeshwa kwa gesi ileile inayopita humo. Hata hivyo, mitambo mingine hutegemea umeme, na Februari 2021 jimbo la Texas, Marekani, lilionja uchungu wake: baridi kali iligandisha visima, umeme ukakatwa kwa mgawo, na baadhi ya vituo vya gesi vikazimiwa kwa kuwa wenyewe hawakuwa wamejaza fomu ya kuvitambulisha kuwa visikatiwe, gesi ikazidi kupungua, na mitambo ya kufua umeme iliyoitegemea ikakosa nishati. Fomu tu, ndugu zangu!

Kinachozimika zaidi ni vifaa vya ndani. Boila ya kisasa, yaani mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupashia nyumba joto, huhitaji umeme kwa pampu, feni na saketi zake, kwa hiyo nyumba hupoa ingawa gesi imefika mlangoni. Hapo ndipo ninapoumia, maana ada ya huduma hailegei hata boila ikiwa imezima, na nilipomwomba wakala wa nyumba ninayopanga kijitabu cha maelezo ya boila, nilitakiwa kuandika barua, kisha kujaza maombi, kisha kungoja, na mpaka leo sijakiona.

Jiko lina unafuu. Vichomeo vya juu mara nyingi huwashika kwa kiberiti: njiti iwashwe kwanza, isogezwe kwenye kichomeo, ndipo gesi ifunguliwe polepole. Oveni nyingi hugoma, na majiko mengine yana vali inayojifunga umeme ukikosekana, hayo yasilazimishwe.

Ninalowasihi ni moja: msiwashe jiko ili kupasha nyumba joto. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoweza kutoka kwenye moto wa jiko, haina rangi wala harufu, na wakati huo feni ya kutolea hewa imezima na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, kwa hiyo kifaa cha kugundua gesi hiyo kiwe cha betri.

Haya ni kwa kadiri ya vifaa nilivyonavyo mimi, na vya mwingine huenda vikawa tofauti kabisa. Anayeishi kwenye nyumba ya gesi amwulize fundi mwenye leseni ni kipi kitawaka na kipi kitazima, tena amwulize sasa, umeme ukiwa bado upo.