Uliyemjeruhi Ni Wako

Mazungumzo na askari wanyamapori wa vijiji, Namtumbo, mkoani Ruvuma

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo? Nashukuru kwa kunipa asubuhi hii. Nimeombwa nizungumzie kumfuata mnyama aliyejeruhiwa, na nitaanza na kosa nililoshiriki, kwa sababu karibu yote nitakayosema yalianzia hapo.

Wakati huo nilikuwa mfuata nyayo, au traka kama wanavyotuita kambini, kwenye uwindaji wa kitalii. Sitaitaja kambi, wala kitalu, wala mwindaji bingwa aliyetuongoza. Mgeni alimpiga dume la mbogo saa kumi na moja jioni, ukingoni mwa matete. Niliusikia mlio wa risasi ikiingia. Haukuwa ule mlio mkavu wa risasi inayogonga mfupa wa bega. Ulikuwa mzito, kama mtu anayepiga gunia la pumba kwa mpini wa jembe. Mbogo akakunja mgongo, akazama mateteni. Nilijua ni tumbo, na naamini wote tulijua.

Tulifuata damu hadi giza likatuzuia, tukarudi kambini. Kulipokucha tukarudi, tukaona matone matatu, la nne tukalikosa. Tukazunguka, tukazunguka. Kufika saa nne mgeni akasema siku zake zinaisha na hajampata palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu. Tukageuza gari. Ada ya yule mbogo ililipwa yote, maana katika uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa. Kwenye karatasi habari yake ikaishia hapo.

Siku ya tano mrina asali mmoja alipita kando ya matete yale na shoka lake na ndoo yake. Mbogo alikuwa amejilaza kivulini, tumbo limevimba, jeraha limeingia funza. Yule bwana hakumchokoza. Alivunjwa paja na mbavu. Aliishi, lakini ule mguu haukurudi kuwa mguu wa kupandia miti, na mrina asali asiyepanda miti atakula nini? Nilikuwa mmoja wa wanne tuliombeba kwenye machela ya miti. Njia nzima aliuliza swali lile lile: "Mlijua yupo?" Sikumjibu. Jibu lilikuwa ndiyo.

Sasa ndugu zangu, nimekuja na neno moja tu. Risasi ikishatoka, mnyama yule ni wako. Awe amelala pale pale au amevuka mto, ni wako mpaka umwone kwa macho na umguse kwa mkono. Ni deni. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini deni la pori lina ubaya wake: usipolilipa wewe atalilipa mtu ambaye hata hajui kama kuna deni. Mama anayekata kuni. Mtoto aliyetumwa kutafuta mbuzi. Na mnyama mwenyewe, ambaye kila saa unayochelewa yeye anailipa kwa uchungu. Mimi sioni aibu kulisema hilo mbele ya wanaume wazima: maumivu ya mnyama ni maumivu.

Na maumivu humbadilisha mnyama. Kule India na Nepal alikuwapo chui milia jike wa Champawat, aliyehesabiwa kuua watu 436 kabla mwindaji Jim Corbett hajampiga mwaka 1907. Walipomtazama mdomo walikuta chonge zake mbili za upande wa kulia zimevunjika, na Corbett alisema ni kazi ya risasi ya zamani. Mtu mmoja alipiga vibaya, akaenda zake. Waliolipa ni mamia ya watu waliokwenda kukata majani na kuni. (Corbett mwenyewe kaburi lake liko hapo Nyeri, Kenya.) Na sisi tunaye wetu. Yule simba wa Rufiji aliyeuawa Aprili 2004, baada ya kuua watu zaidi ya 30, alikutwa na jipu kubwa chini ya jino lililopasuka. Jino lile halikupasuliwa na risasi, sitaki kumsingizia mtu. Nalitaja ili muone mnyama anayeshindwa kutafuna kwa raha anavyoweza kugeukia windo jepesi, na windo jepesi kuliko yote porini ni sisi binadamu.

Tuingie kwenye kazi yenyewe.

Risasi ikilia, usikimbie. Nalirudia hili kwa sababu ndilo linaloharibu mengi. Simama ulipo, mtazame mnyama anafanya nini. Aliyepigwa moyo mara nyingi huruka au hurusha mateke, kisha huondoka kwa kasi kama hana jambo. Aliyepigwa tumbo hujikunja na kuondoka polepole, kichwa chini. Aliyevunjwa mguu utamwona. Angalia aliposimama na alipoingilia kichakani, kisha chagua mti usioweza kuusahau. Ukifika mahali alipopigwa, weka alama kabla ya mtu yeyote kukanyaga: vunja tawi, funga kitambaa. Timu nzima ikishapita juu ya ile damu ya kwanza umefuta ukurasa wa kwanza wa barua.

Halafu piga goti, isome. Damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu madogo kama ya sabuni ni mapafu. Huyo hafiki mbali. Damu nyeusi na nzito ni ini. Majimaji ya kijani yenye vipande vya majani yaliyotafunwa, yananuka zizi, ni tumbo. Damu ya nyama tupu ndiyo laghai kubwa: inamwagika nyingi mwanzoni, mnashangilia, baada ya mita mia mbili inakauka kabisa na mnyama bado anatembea. Usitazame chini tu. Tazama damu iliyopakwa kwenye mashina ya majani, iko kimo gani, iko upande mmoja au pande zote mbili. Ikiwa pande zote mbili, risasi ilipita ikatokea upande wa pili, nawe una njia mbili za kumfuata badala ya moja.

Baada ya kusoma, subiri. Najua kijana mwenye damu ya moto anaona kusubiri ni woga. Sivyo. Mnyama asiyefukuzwa hulala karibu, na akishalala viungo humkakamaa na damu inaendelea kutoka. Ukimkurupusha mapema atakwenda kilomita nyingi na pengine hutamwona tena. Kwa mapafu nusu saa inatosha. Kwa tumbo ni saa kadhaa, na hapo ndipo jua linapokuwa adui. Ndiyo maana nasema mbogo asipigwe saa kumi na moja jioni. Kosa letu siku ile lilianza kabla ya risasi, tulipokubali kupiga saa ambayo haikutuachia muda wa kufuata.

Mkianza kufuata, msikanyage nyayo, pitieni pembeni. Mmoja anatazama chini, mwingine anatazama mbele, na wa mbele ndiye mwenye bunduki. Mwenye kutazama chini hana macho ya kujilinda, kwa hiyo roho yake iko kwa mwenzake. Mkipoteza damu, mtu mmoja asimame juu ya tone la mwisho, asiondoke hata kwa dawa, wengine wazunguke duara dogo, kisha kubwa zaidi. Siku ile sisi hatukufanya hivyo. Kila mtu alitawanyika kutafuta tone la nne, na tulipotaka kurudi kwenye la tatu hatukulipata.

Nimekuja na kitu hiki. Ni soksi kuukuu ya mtoto, ndani mna majivu. Ukiitikisa, vumbi linakuonyesha upepo. Mbogo aliyejeruhiwa hupenda kupinda, akarudi sambamba na njia yake mwenyewe, akasimama kichakani upande ambao upepo unamletea harufu yako, akakungoja. Dume ana kilo 600, 700, hata zaidi, na akiamua kuja, anakuja kukumaliza. Kila hatua ishirini tikisa soksi. Ukiona nyayo zinaanza kupinda, simameni wote. Wasikilizeni na wale ndege wanaokula kupe mgongoni mwake: wakiruka kwa kelele mbele yenu, hapo alipo si mbali. Na kama mtasikia ule mlio wake mrefu wa kilio, wa chini, wenye huzuni, basi anakata roho. Hata hivyo nendeni kwa nyuma, ongezeni risasi, mguseni mboni ya jicho kwa fimbo ndefu. Asipopepesa, amekufa. Watu wengi wameumizwa na mbogo waliyeamini amekwisha kufa.

Chui sitamzungumzia leo, anahitaji siku yake. Niseme tu kwamba akijeruhiwa mara nyingi hatoi sauti ya kukuonya.

Wengine mnaniangalia mkiwaza: mzee, sisi si wawindaji wa kitalii, haya yanatuhusu nini? Yanawahusu kuliko mtu yeyote. Ushoroba huu, yaani njia ya wanyama kati ya hifadhi za Selous na Niassa, unaoshuka kupitia hapa Namtumbo na Tunduru hadi Mto Ruvuma na kuvuka kuingia Msumbiji, wanyama wanapita katikati ya mashamba yetu. Mtu anaona mbogo kwenye mpunga, anatoa gobore lililojazwa vipande vya nondo, anapiga, mnyama anakimbia, mtu anarudi kulala akifurahi kuwa amemfukuza. Hamjamfukuza. Mmemtia jeraha na kumwachia jirani. Halafu mwenye gobore hasemi, kwa sababu anaogopa kukamatwa, na kijiji kizima kinakwenda mtoni asubuhi bila kujua. Naomba kila mmoja wenu awe mtu ambaye mwanakijiji anaweza kumfuata usiku ule ule akamwambia, "Nimempiga, ameelekea kule." Kesi itasubiri. Kwanza mtangaze njia ipi isipitwe, na mumwite mwenye bunduki inayomfaa mbogo, kaliba ya 375 kwenda juu.

Haya hatukuyajifunza kwa wageni. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka mishale yao sumu wanayoiita panjube, kutoka kwa mti ule wenye shina lililovimba na maua ya rangi ya waridi. Mhadzabe akimpiga mnyama mkubwa hamkimbilii. Hungoja sumu ifanye kazi, hufuata nyayo kimya kimya, na kama jioni imeingia hurudi kambini akaja asubuhi na wenzake, wa kusaidia kufuata na wa kubeba nyama. Kwake mnyama aliyepotea ni watu waliolala njaa. Na kwa Waislamu wenzangu, mnaikumbuka hadithi ya Adiy bin Hatim, alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya windo linaloonekana baada ya siku moja au mbili. Jibu lilikuwa kwamba kama huoni alama nyingine isipokuwa ya mshale wako, kula. Na ukilikuta limezama majini, usile. Nimeitafakari sana. Hadithi nzima imesimama juu ya mtu ambaye siku ya pili bado anatafuta.

Yule mrina asali nilimtembelea mara nyingi. Mara ya mwisho aliniomba nimwonyeshe mahali damu ilipokatika. Tulikwenda taratibu, yeye na fimbo yake. Nilimwonyesha mahali ninapoamini tone la tatu lilikuwa. Akasimama pale, akageuka polepole pande zote, kisha akanyoosha fimbo kwenye njia nyembamba ya ngiri iliyoingia mateteni, hatua kumi na mbili hivi kutoka tuliposimama. "Angepita hapa," akasema. Na kweli, ndipo palipokuwa wazi. Hatua kumi na mbili.

Basi tutoke nje. Alfajiri, kabla hamjaamka, nimedondosha damu ya mbuzi nusu chupa kuanzia ule msufi nyuma ya ofisi ya kijiji, kuelekea bondeni. Mahali pawili nimeikata makusudi. Mwishoni nimefukia ngozi ya yule mbuzi. Sasa hivi jua limeshaikausha na nzi wamefika, kwa hiyo sikilizeni nzi. Gawaneni watatu watatu: mmoja wa chini, mmoja wa mbele, mmoja wa kusimama kwenye tone. Kundi la kwanza, njooni mchukue soksi.